Barafu Niliyoiandika Kwenye Chakula

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika barafu kwenye safu ya chakula. Sikuwa na haraka wala sikuwa nimechoka. Niliandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa kutulia, na kwa zaidi ya wiki niliamini kwamba kazi ile naifanya vizuri kuliko mtu yeyote ambaye angepewa.

Mama yangu anaumwa moyo. Moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji anayokunywa hayatoki yote. Yanabaki miguuni na tumboni, na yakizidi yanapanda hadi kwenye mapafu. Siku tuliporuhusiwa kutoka hospitalini kwa mara ya kwanza tuliambiwa asizidishe lita moja kwa siku, tuangalie chumvi, na tuandike kila anachokula na kila anachokunywa. Daktari alisema hayo akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Ndugu zangu wameolewa au wanafanya kazi mbali. Wanatuma hela na kupiga simu jioni.

Mimi ni fundi simu hapa Itigi, mkoani Singida, nina kibanda karibu na stesheni. Ufundi huo hakuna aliyenifundisha. Niliharibu simu yangu, nikaharibu ya binamu yangu, nikaangalia video hadi macho yakauma, na siku moja simu ikawaka. Mtu aliyejifunza peke yake ana woga ambao aliyefundishwa hana: hajui ni kitu gani hajakijua. Kwa hiyo mimi hufanya kila kitu kupita kiasi. Skrubu nazipanga kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Mteja akinisimamia na kuniharakisha, mikono inatoka jasho. Simu ikishapona naifungua tena nihakikishe imepona, na mara mbili nimewahi kuiharibu kwa kuhakikisha.

Nilinunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula. Upande wa kushoto nikaandika KULA, upande wa kulia KUNYWA. Siku ya kwanza nilikosea herufi moja kwenye neno uji, nikachana ukurasa na kuunakili wote upya.

Halafu nikafuata Kiswahili. Hapo ndipo nilipopotea. Sisi tunakunywa dawa, kwa hiyo vidonge vya mama niliviweka kwenye KUNYWA. Nilihangaika sana na vile vidonge. Kila kitu upande ule kilikuwa na kipimo chake mbele, kikombe, nusu kikombe, na vidonge havikuwa na kipimo. Nilitafuta kwenye simu kidonge kimoja ni maji kiasi gani, sikupata jibu, nikaona nisihatarishe: nikakiandikia kila kidonge kijiko kimoja cha chai. Jioni nikijumlisha, maji ya kidonge nayatoa kwenye lita ya mama. Nilikuwa nampunguzia mgonjwa maji kwa sababu ya vidonge vikavu.

Chai nayo ilinisumbua. Asubuhi nilikuwa namuuliza kabla sijaenda kibandani, "Mama, umekunywa chai?" Anajibu, "Nimekunywa." Naandika kikombe kimoja. Ilipita muda ndipo nilipomkuta anakunywa chai yake: kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha, kikavu, bila kikombe karibu. "Si umesema umekunywa chai?" nikamuuliza. Akaniinulia kiazi. "Na hii ni nini?"

Mlenda tunakula. Kila mtu Singida anajua mlenda unavyoteleza na unavyojaa maji, lakini tunaula na ugali, hatuunywi, ukaenda kushoto. Tikitimaji ndilo tunda pekee lililonitia wasiwasi, kwa sababu ya jina lake. Nililipiga marufuku ndani ya nyumba.

Na barafu tunakula. Muulize mtoto yeyote mwenye kifuko mkononi anafanya nini, atakwambia anakula barafu.

Ilikuwa kabla ya mvua kuanza, wakati ule jua la Itigi linapokausha hadi ulimi. Siku ile ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja alikuwa ametuambia kwamba kiu ikimzidi mama anaweza kunyonya kipande kidogo cha barafu badala ya kunywa. Nililipenda sana wazo hilo. Jirani yetu ana friji na anauza barafu za vifuko, zile nyembamba ndefu ambazo unang'ata pembe ya plastiki na kufyonza. Za kwake nyingi ni za ubuyu, lakini alianza kutengeneza za maji matupu kwa ajili ya mama, na alikataa hela yangu. Mama ndiye aliyemfundisha biashara hiyo, miaka ile alipokuwa akiuzia abiria maji na barafu kwenye madirisha ya treni.

"Shikamoo mama mdogo. Naomba za mama."

"Marahaba, baba. Chukua mfuko mzima. Joto hili mtu mzima atafungwa mdomo kama kibuyu?"

Nilichukua mfuko mzima. Mama akawa anafyonza barafu asubuhi, mchana na alasiri, na alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na furaha. KUNYWA ilikuwa haijawahi kuvuka lita. Nilianza hata kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu jumla ya kila siku, jinsi walimu wanavyofanya. Kwenye KULA niliandika: ugali, mlenda, barafu sita.

Miguu ikaanza kuvimba. Mwanzoni niliona viatu vyake vya kanda vinaacha alama. Baadaye nikambonyeza kwa kidole juu ya kifundo, pakabaki shimo ambalo halikujaa. Nilirudi kwenye daftari nikajumlisha upya. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikabonyeza tena. Nilikuwa naamini daftari kuliko mguu. Mama alipoanza kulala ameegemea mito kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, niliandika pembeni, "mito mitatu," na sikufanya lolote hadi asubuhi aliposhindwa kumaliza salamu. Alisema "umeamka" kisha akanyamaza kutafuta hewa ya kusema "je."

Tulikwenda kwa bajaji. Nilimshika kwa mkono mmoja, daftari kwa mwingine.

Walimwekea oksijeni na kumchoma sindano ya kutoa maji. Alipotulia, muuguzi, dada wa umri kama wangu, akaniomba daftari. Nilimpa kwa fahari. Ndiyo, kwa fahari. Mama yangu yuko kwenye oksijeni na mimi nasubiri kusifiwa mistari.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka hadi wa mwisho, akarudi katikati.

"Kaka, hii barafu. Mbona iko huku?"

"Si inaliwa, dada?"

Alinitazama aone kama natania.

"Na hivi vidonge umeviandikia kijiko kijiko, ni kijiko cha nini?"

"Sikupata kipimo chake."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akaweka mkono mdomoni, akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtingishika. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mtu mzima aliyekuwa anasikiliza yote, akasema, "Msameheni, kasoma sana huyu." Nilitamani sakafu ipasuke. Kisha muuguzi akafuta macho, akaketi, akaniambia taratibu kama mtu anayemwambia mtoto, "Kaka yangu, barafu ikifika tumboni inakuwa nini?"

"Maji."

"Basi. Kifuko kimoja kikiyeyuka hakikosi robo kikombe. Jumlisha mwenyewe."

Nilijumlisha pale pale, nimesimama. Sikumalizia.

Nilikuwa nimemjaza mama yangu maji kwa mkono wangu, kifuko baada ya kifuko, huku nikimnyima kikombe. Hilo sikulala nalo vizuri. Mtu mwingine angelichukulia kama somo, akarekebisha safu moja na kuendelea. Mimi niliogopa kiasi kwamba tuliporudi nyumbani hakuna tone lililobaki salama.

Mlenda ulihamia kulia. Nilikuwa nauchota kwenye bakuli, nauchuja kwa kitambaa cha chai, napima kilichopita, narudisha. Mama alikula mlenda uliochujwa siku moja, akasema unafanana na kitu kilichotoka puani, akausogeza. Ugali niliuhesabia maji ya kuupikia. Machungwa niliyakamua kujua yana nini, na yakishakamuliwa hayakuwa tena machungwa.

Barafu ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu nilikuwa na deni nayo. Nilijaza kikombe maji hadi ukingoni, nikakiweka kwenye friji ya jirani, kesho yake nikakuta barafu imetoka juu ya ukingo kama mkate ulioumuka. Sasa niandike lipi, kikombe au kikombe na nusu kidole? Nikaamua kwamba njia ya uhakika ni kuyeyusha. Kila siku nachukua kifuko kimoja kati ya alivyogawa jirani, nakiyeyusha kwenye kikombe cha kupimia, napata kipimo cha vingine.

Siku moja mchana nilikuwa nimeketi uani na kikombe, nasubiri. Kilikuwa kifuko cha mwisho. Mama alikuwa kwenye mkeka kivulini, midomo imekauka, anatazama barafu inavyopungua juani. Sikumwona anavyotazama, nilikuwa natazama mistari ya kikombe. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Baba."

"Naam, mama."

"Ukishamaliza kuipima, utanipa barafu au utanipa hesabu?"

Nilimpa yale maji. Yalikuwa ya vuguvugu. Aliyanywa yote, nami nikaandika.

Jirani hakunyamaza kama mama. Ukuta kati ya nyumba zetu ni mfupi na yeye ana sauti ya sokoni. Nikipita anauliza kama nimeshapima umande. Siku nyingine aliwaambia wateja wake wa barafu, mimi nikiwa nasikia, "Nunueni haraka, yule kijana akija na kikombe chake tutatozwa hata jasho." Walicheka. Nilicheka nao kidogo, nikarudi ndani nikiwa najiuliza, kwa dhati kabisa, kuhusu jasho.

Mama yangu ni Mwislamu wa swala tano. Katika udhu mtu husukutua mdomo mara tatu. Maji yanaingia mdomoni, yanatoka. Wasiwasi wangu ulikuwa hapo katikati. Mwanzoni niliuliza kwa upole, "Mama, unatema yote?" Akasema anatema. Siku iliyofuata nikauliza tena. Siku ya tatu, adhuhuri, alikuwa amekaa kwenye kigoda na birika, mikono ya gauni imepandishwa hadi juu ya viwiko, nikamsogelea na bakuli.

"Mama, naomba uteme humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye bakuli. Nijue yaliyoingia na yaliyotoka."

Alikuwa na maji kwenye kiganja. Yalimvuja taratibu kati ya vidole huku akinitazama.

"Unataka kupima udhu wangu?"

"Siyo udhu, mama, ni maji ya..."

"Ondoka na bakuli lako."

Kutoka upande wa pili wa ukuta jirani akapaza sauti, "We mtoto wewe! Kesho utampima na machozi!"

Mama hakucheka. Alisema maneno kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia na mimi anapokuwa amekasirika kupita kukasirika, nayo siwezi kuyaandika hapa yakabaki na uzito wake. Maana yake ni kwamba mambo mengine ni kati yake na Mungu, na kwamba hapo nilipofika nisimame.

Nilisimama. Lakini yeye pia aliacha kitu, nami sikukitambua. Kuanzia siku ile nikimuuliza atakunywa nini, alijibu, "Sina kiu." Nikirudi kula mchana, hana kiu. Jioni, hana kiu. Anameza vidonge kwa funda moja na kurudisha kikombe kikiwa karibu kama kilivyokwenda. Jumla zikashuka hadi nusu lita, kisha chini ya hapo. Nilifurahi. Nilidhani dawa zimeanza kuukubali mwili. Niliwapigia ndugu zangu nikawasomea namba, nao wakanishukuru.

Mchana mmoja nilirudi nyumbani nikamkuta ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa bafu, kopo la kuogea limelala pembeni. Hakuwa ameanguka kwa kishindo. Alisema baadaye kwamba dunia ilizunguka akaona bora akae. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilimwita, akaitika kwa kuchelewa, kama mtu aliye chumba cha pili. Nilipiga kelele, jirani akaruka ukuta, mwanamke wa umri ule, akaja na khanga moja. Hakunitania. Alimshika mama kichwa na kusema, "Dada, dada, tuangalie sisi."

Hospitalini walisema amekauka. Vidonge vilikuwa vinatoa maji kila siku kama vilivyopangiwa, na hakuna kilichokuwa kinaingia. Muuguzi alikuwa yule yule, na safari hii hakucheka. Alimuuliza mama, siyo mimi, "Mama, lita moja si kwamba usizidishe tu. Ni yako, uinywe. Kwa nini hunywi?"

Mama alijibu akitazama dripu.

"Kila nikimeza kitu lazima nitoe maelezo. Nikaona nisimeze."

Nilitoka nje. Kuna benchi pale, nikakaa na daftari mapajani. Nililifungua na kuona kurasa zile, nzuri, hakuna neno lililofutwa hata moja, na nikajiuliza nilikuwa namwandikia nani. Jibu nililijua kabla ya swali, na nitalisema kwa sababu nimeamua kusema yote. Sikuwa namwandikia mama. Kama angekufa, nilitaka pawe na kitu cha kuwaonyesha ndugu zangu, na daktari, na watu wa matanga, kinachosema kwamba si mimi. Kwamba nilifanya kila kitu. Nilikuwa nimetengeneza utetezi wangu mama akiwa bado hai, na karibu nimuue ili utetezi uwe safi.

Alikaa siku chache, akaruhusiwa. Tulipofika alikataa kuingia kulala. Aliketi kwenye mkeka, akanionyesha mahali pa kukaa mbele yake.

"Nikuulize."

"Niulize, mama."

"Hiyo lita moja, nimepewa mimi au umepewa wewe?"

"Umepewa wewe."

"Basi nipe."

Sikumwelewa mara moja. Nikasema nitampa kila anapohitaji, aniambie tu. Akatikisa kichwa.

"Nipe yote. Asubuhi. Iwe yangu. Nikinywa ni mimi, nikigandisha ni mimi, nikimaliza mchana nikaumia kiu, ni mimi. Usinipimie kama mtoto, baba. Mimi nimekuzaa."

"Na ukizidisha?"

"Nitazidisha nikijua nimezidisha. Sasa hivi sijui chochote. Wewe ndiye unayejua."

Nilikuwa na maswali mengi. Uji uhesabiwe wapi, na mchuzi. Aliniona nafungua mdomo, akainua mkono. Akasema uji na chai vitatoka kwenye chupa hiyo hiyo, mchuzi atakula kidogo, na matunda yakiwa mengi ataacha maji kidogo chini ya chupa. Alisema hivyo kwa haraka, bila kufikiri sana, kwa kuwa alikuwa amefikiri siku zote alizokuwa kitandani.

Niliosha chupa ya lita moja, nikaijaza mbele yake. Nikamwaga kidogo sakafuni. Nilianza kuinama nione ni kiasi gani, nikajizuia, nikaongeza hadi ukingoni, nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akamimina nusu glasi, akanywa taratibu, akaifunga.

Moyo wa mama haujapona, na tumeambiwa hautapona. Tangu siku ile amerudi hospitalini mara moja, kwa homa, siyo kwa maji. Kila asubuhi anapanda kwenye mizani na mimi naandika uzito wake, namba moja, kwa kuwa ukipanda ghafla ndiyo dalili, na hilo muuguzi alitaka tuendelee nalo. Kuna siku chupa inaisha kabla ya saa saba na alasiri inakuwa ngumu. Analala, au anaenda kukaa na jirani wazungumze kiu impite. Siwezi kusema nimetulia. Nikiwa kibandani, simu ya mtu imefunguliwa mbele yangu, mara nyingine nachukua ya kwangu nimpigie nimuulize imebaki kiasi gani, halafu naiweka chini. Simuulizi tena amekunywa nini, na yeye hanyimi mwili wake maji ili kunikwepa.